Dakika Kumi na Sita za Profesa Sindano

Wasikilizaji wapendwa, mmezoea nianze kipindi hiki kwa wimbo na utani kidogo. Leo wimbo sikuweka. Nimekaa hapa studio, karatasi zangu ziko mbele yangu, nimezisoma mara nne tangu asubuhi, na bado kichwa kinakataa. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na watu waliokuwepo. Nikikwama njiani, mnivumilie.

Jumanne ya wiki iliyopita, kabla ya saa nne asubuhi, alifariki mama mmoja fundi cherehani, mwenye umri wa miaka hamsini na nane. Alianza kuumwa akiwa ndani ya chuo cha udaktari. Narudia: ndani ya chuo cha udaktari. Mbele yake alikuwepo daktari bingwa mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Mbele yake walikuwepo wanafunzi waliobakiza mtihani wa siku hiyo tu waitwe madaktari. Alisema anaumwa. Alisema kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa dakika kumi na sita hakuna aliyemwamini.

Niliposikia, nilimpigia aliyeniletea habari nikamwuliza, una uhakika? Mama yupi huyo? Akanijibu, "Ni yule yule. Profesa Sindano."

Wasikilizaji, hakuwa profesa. Shule aliishia darasa la saba. Hilo ni jina alilopewa na wanafunzi wa udaktari, kwa sababu alikuwa fundi wa kushona, na kwa sababu ulimi wake ulichoma. Aliwahi kuja hapa studio mara moja. Kabla hata hajanisalimia, alinishika kola ya shati, akaigeuza, akaguna. "Mtangazaji, hii umeshonewa na adui yako?" Fundi mitambo wetu alicheka mpaka tukachelewa kuingia hewani.

Sasa nianze mwanzo, kwa sababu wengi mtajiuliza fundi cherehani alifuata nini chuo cha udaktari.

Miaka kumi na minne iliyopita, mdogo wake wa kike alijifungua salama. Siku ya pili, akiwa bado wadini, mguu ukaanza kumuuma na kifua kikambana. Akamwambia mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa zamu. Kijana yule akamjibu, "Mama, usideke. Wenzako wote hapa wamezaa." Kwenye kitanda cha pili yake alilazwa mke wa ofisa mmoja. Huyo aliposema kichwa kinamgonga kidogo, alipimwa mara tatu kabla ya saa sita. Mdogo wake fundi hakuifikia jioni. Mke wa ofisa aliruhusiwa kesho yake, mzima kabisa.

Fundi hakwenda kufanya fujo. Alichukua mfuko wa nguo za wateja, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Katibu muhtasi akamwambia mkuu yuko kwenye kikao. Akajibu, "Amalize tu taratibu, mwanangu. Mimi hapa nina suruali saba." Akakaa siku tatu. Alikuwa akikunja mapindo na kushona vifungo, na kila anayepita anamsalimia.

Siku ya tatu alipita daktari wa watoto, mwalimu wa chuo hicho, mama ambaye sasa amestaafu. Nilimtembelea nyumbani kwake juzi. Anasema fundi alimwita kwa sauti kubwa, "Wewe daktari, simama hapo hapo! Pindo limefumuka, unaburuza koti." Basi akamshonea koti akiwa amelivaa. Na wakati anashona, akamweleza habari ya mdogo wake, tangu mguu ulipoanza kuuma mpaka mwisho.

"Nilisimama pale kama mtoto anayefungwa vifungo," daktari huyo aliniambia. "Alipokata uzi kwa meno, mimi nilikuwa nalia. Nikamwambia, yote uliyonieleza, njoo uwaeleze wanafunzi wangu. Akaniuliza, nikiwaeleza watanisikiliza au wataniandika tu daftarini? Nikamwambia, njoo ujionee."

Hapo ndipo alipoingia kwenye kazi ambayo mimi mwenyewe sikuijua mpaka nilipokutana naye. Inaitwa mgonjwa wa kuigiza. Mwanafunzi wa udaktari anapofanya mtihani wa vitendo, huletewa mtu mzima wa afya aliyepewa karatasi yenye maelezo: leo wewe una homa, leo wewe una kisukari. Mtu huyo anaigiza. Mwanafunzi anamhoji na kumpima, na pembeni amekaa mtahini na orodha yake, anaweka alama.

Zamani chuo kile kilikuwa kinatumia makarani wake na jamaa za walimu kuigiza. Fundi alialikwa kutazama siku moja, akatoka nje ameshika kiuno. "Wagonjwa wenu wote wanaongea kama watangazaji wa redio," akasema. Samahanini wenzangu, ni maneno yake hayo. "Mgonjwa anaeleza tarehe na saa, anataja dawa kwa jina, amevaa viatu vipya. Huyo hata kipofu atamtibu. Yule anayezunguka maneno, anayeona haya, aliyetembea tangu alfajiri na anataka kuwahi kurudi, nani atawafundisha kumtibu?"

Wakamwambia, wewe.

Alianza kama mgonjwa na akaishia kuwa mwalimu. Alileta wenzake: dobi, mchuuzi wa samaki, mlinzi wa geti, bibi mmoja asiyesikia vizuri. Kwenye alama ishirini na tano za kila kituo, alipigania alama tano ziwekwe na mgonjwa mwenyewe. Vikao vya kuamua hilo vilichukua miaka mitatu. Walimu walisema mtu asiyesoma hawezi kumsahihisha daktari. Yeye akawauliza, "Kiatu kikibana, anajua nani? Fundi viatu au mwenye mguu?" Alama tano zikapita, miaka kumi na moja iliyopita.

Alama hizo alizitoa kwa ubahili. Siku moja aliigiza mama mwenye vidonda vya tumbo. Mwanafunzi akamwambia vizuri kabisa, "Mama, dawa hii utakunywa mara tatu kwa siku, kila baada ya chakula."

"Na siku ya kula mara moja, daktari?"

Mwanafunzi akatazama karatasi yake, jibu halikuwemo. Akarudia, "Baada ya chakula, mama." Alipata sifuri kati ya tano.

Siku nyingine aliigiza mgonjwa wa kisukari, na aliyekuwa mbele yake ni mtoto wa daktari mkubwa sana. Kijana akamwelekeza aiweke insulini kwenye friji. "Friji ya nani?" fundi akauliza. "Ya nyumbani kwako." "Nyumbani kwangu nina meza, vitanda viwili na cherehani." Kijana akasema basi aazime kwa jirani. "Jirani yangu yupi mwenye friji, mwanangu? Nipe jina lake nikamsalimie." Sifuri. Baba mtu alikuja juu chuoni, kikao kikaitishwa, fundi akaitwa ajieleze. Akajieleza. Sifuri ikabaki sifuri.

Kijana yule leo ni daktari kwenye zahanati ya mbali, mahali umeme ni wa kubahatisha. Alinipigia simu akiwa analia kama mtoto. Aliniambia, "Nilimchukia mwaka mzima. Halafu nikaja huku, mgonjwa wangu wa kwanza wa kisukari hana friji. Nikakumbuka yule mama. Nikauliza wazee wa hapa wanapoozaje maji, wakanionyesha chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi. Sasa kila mgonjwa wangu wa insulini ana vyungu viwili. Mwambie binti yake." Nimemwambia, daktari. Amekusikia.

Wasikilizaji wapendwa, naona ninazungukazunguka. Naogopa kufika Jumanne. Lakini lazima tufike.

Binti yake, ambaye ni mwalimu wa chekechea, anasema asubuhi hiyo mama alikunywa chai nusu kikombe. Akasema shingo imekaza. "Nimeinama mno kwenye cherehani," akasema, akajipaka dawa ya kuchua, akachukua mkoba wake akaondoka. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka mlangoni aliporudi kumkumbusha mjukuu afunge kamba za viatu.

Ukumbi wa mtihani ni mrefu, umegawanywa kwa mapazia kuwa vituo kumi na viwili. Kila kituo kina kitanda, viti viwili, mgonjwa wa kuigiza na mtahini wake. Kengele hulia kila baada ya dakika nane, na wanafunzi husogea kituo kinachofuata. Karatasi ya fundi siku hiyo ilisema hivi: wewe ni mama wa miaka hamsini, una kiungulia ukishakula, hutoki jasho, pumzi haikupungui.

Kuna jambo moja mlishike. Kila mwanafunzi anayeingia ukumbini hupewa kadi nyekundu. Akijisikia vibaya katikati ya mtihani, anainua kadi, muda unasimamishwa, anahudumiwa. Ni utaratibu mzuri. Wagonjwa wa kuigiza hawakuwa na kadi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kwamba mgonjwa naye anaweza kuumwa. Hata fundi mwenyewe hakufikiria, na alikuwa hodari wa kufikiria mambo ya watu wengine.

Wanafunzi watatu wa kwanza walipita salama. Wa tatu fundi alimpa alama moja kati ya tano, kwa hiyo tunajua mpaka hapo alikuwa mzima na ukali wake wote.

Akaingia wa nne. Fundi akamwambia, "Taya linaniuma, daktari. Na pumzi inanipungua." Mwanafunzi akauliza tangu lini. "Sasa hivi." Mwanafunzi akageuka kumtazama mtahini. Mtahini alikuwa ameinamia orodha. Fundi akasema, "Nisikilize, mwanangu. Hii haimo kwenye karatasi."

Mwanafunzi huyo nimeongea naye. Ana miaka ishirini na mitano. "Alisema haimo kwenye karatasi," aliniambia, "na mimi nikasema moyoni, ndiye huyu sasa, Profesa Sindano na mitego yake. Sote tulikuwa tumeonywa na waliotutangulia kwamba anaongeza mambo. Nikaendelea kumuuliza habari za chakula." Kengele ikalia. Dakika nane.

Akaingia wa tano. Fundi jasho lilikuwa linamtiririka, ameshika ukingo wa kitanda. Kijana huyu wa tano, wasikilizaji, alifanya kila kitu alichofundishwa. Alisogeza kiti karibu. Alimtazama machoni. Alisema, "Pole sana mama, naona unaumwa kweli." Alimuuliza alifikaje, anaishi na nani, dawa ataipata wapi. Maswali yale yale ambayo mama huyu alitumia miaka kuyapigania yaulizwe. Kisha akamshauri ale kidogo kidogo, na asilale mara baada ya kula. Fundi akamwambia, "Mwite mtu." Kijana akajibu kwa upole mkubwa, "Usiwe na wasiwasi, mama, niko hapa." Kengele ikalia.

Dakika nane na nane. Kumi na sita.

Mtahini alimpa kijana yule alama zote ishirini zilizo chini ya mkono wake. Sehemu ya maoni akaandika hivi: "Mgonjwa ameigiza vizuri mno." Karatasi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Mwandiko ni mzuri, umenyooka, hauna kosa hata moja. Niliishika nikashindwa kukaa.

Nilitaka nimchukie mtahini huyo. Nasema ukweli. Nilimpigia simu nikiwa na maneno yangu tayari, makali. Nikamkuta mtu amevunjika. "Mama yule nimemwona akizimia kwenye ukumbi ule mara sita," aliniambia. "Mwaka jana alianguka vizuri mpaka nikaruka kumwita nesi. Akafungua jicho moja, akaniambia, kaa chini profesa, unaniharibia mtihani. Wanafunzi walicheka wiki nzima. Nikajiapiza sitaaibika tena." Nikasikia anapenga kamasi. Yale maneno yangu makali sikuyasema. Lakini sikumwambia pia kwamba ni sawa, kwa sababu si sawa.

Sasa akaingia wa sita. Huyu ni binti wa dobi, aliyewahi kurudia mwaka wa tatu, ambaye walimu walikuwa hawamtilii maanani sana. Ana tabia moja: hawezi kuongea na mtu mzima kabla hajampa mkono. Akampa fundi mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Shikamoo mama. Hii imo kwenye karatasi?"

"Haimo."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Ni hivyo tu, wasikilizaji. Aliuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili, akaamini. Akachukua kadi yake nyekundu akaiinua juu. Mtahini akamwuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Siumwi mimi. Anaumwa mama." Mtahini akamwambia, "Kadi ni ya mwanafunzi. Endelea, una dakika saba." Mlangoni kwa ukumbi ule kuna tangazo kubwa: atakayetoka kwenye kituo kabla ya kengele atapata sifuri. Binti akafungua pazia akatoka. Akapiga kelele kuomba msaada. Kitanda cha mle hakina magurudumu, ila kiti cha mtahini kinayo. Akarudi akamwomba mtahini ainuke. "Hakuinuka haraka," binti aliniambia, "basi nikamwinua."

Binti na mlinzi wa geti, ambaye alikuwa mgonjwa wa kituo jirani, walimsukuma fundi kwenye kile kiti kupita ujia mrefu, wakakatiza uwanja wa kokoto, hadi mapokezi ya dharura. Na pale, jamani, pale napo karani akasema, "Kadi ya mgonjwa iko wapi? Kapangeni foleni." Karani alimwona mlinzi kwanza. Alipoona koti jeupe la binti nyuma yake, akafungua mlango. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Walipambana naye dakika arobaini. Hakurudi.

Nilimwuliza yule daktari mstaafu, aliyeshonewa koti, kama dakika kumi na sita zile zingemwokoa. "Sijui," akasema. "Mshtuko wa moyo wa mwanamke mara nyingi haufanani na ule wa kwenye vitabu. Kitabuni amechorwa mwanamume ameshika kifua. Mwanamke anakuja na taya, na shingo, na uchovu, anaambiwa ni kiungulia. Hili lenyewe tumekuwa tukiomba lifundishwe tangu lini! Lakini hata kama asingepona, angetibiwa. Kwa dakika kumi na sita hakuwa mgonjwa, alikuwa swali la mtihani." Kisha akaniomba nizime kinasa sauti.

Mnafikiri nimemaliza? Ningependa niwe nimemaliza. Siku mbili baada ya maziko matokeo yalibandikwa. Mwanafunzi wa tano, ishirini kati ya ishirini kwenye kituo kile, maana zile tano za mgonjwa hakuwepo wa kuziweka. Mwanafunzi wa sita, sifuri. Barua aliyopewa ninayo hapa. Inasema alitumia kadi kinyume cha kanuni, na aliondoka kituoni kabla ya muda. Inampa pole kwa tukio lililotokea. Inamtaka arudie mtihani.

Nimesoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wenzangu hapa ofisini. Mhariri wetu, ambaye hakosi la kusema, alikwenda kusimama dirishani.

Kijana wa tano alikwenda mwenyewe ofisi ya mitihani kuomba zile ishirini zifutwe. Akaambiwa alama zikishaingia hazitoki. Akaenda nyumbani kwa marehemu, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia. Binti wa marehemu ndiye aliyemfuata. "Ingia," alimwambia. "Mama amewapa sifuri watu kibao, na wiki hiyo hiyo walikuja kupunguziwa suruali. Hapa hatufukuzi mtu." Kijana akaingia, akakaa sakafuni karibu na cherehani, akalia mpaka akalala pale pale.

Jumamosi chuo kilituma ujumbe wa watu watatu kutoa rambirambi. Walikuwa watu wa adabu. Walisema wataweka kadi nyekundu kwa kila mgonjwa wa kuigiza, jambo jema. Walisema ukumbi utaitwa kwa jina la mama. Kisha wakamwomba binti yake, kwa heshima, akubali kukaa kwenye kiti cha mama yake, awe mgonjwa, ili kazi isife.

Binti ni mpole, si kama mama yake. Lakini aliwajibu hivi, na alinikubalia niyasome yote.

"Hapana, wazee wangu. Mama amekaa kwenye kiti kile zaidi ya miaka kumi. Mmejifunza kumpa pole mtu mnayejua kwamba haumwi. Jambo hilo mmelifanya vizuri, mna hadi alama zake. Wanaoumwa wako nje ya jengo lenu, kwenye benchi, tangu alfajiri. Hawaigizi wale. Wapelekeni watoto wenu wakafanyie mtihani pale. Na yule binti wa dobi mpeni haki yake, ndipo mje tuongee habari za jina la ukumbi."

Wakaondoka. Mpaka ninapoongea nanyi, chuo hakijajibu. Nimepiga simu mara tano. Naambiwa mkuu yuko kwenye kikao.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa hapa studio natoa pole kwa binti wa marehemu na kwa wajukuu zake wawili. Pole kwa wenzake: dobi, mchuuzi wa samaki, mlinzi, na bibi asiyesikia vizuri, ambaye naambiwa bado anauliza mbona mwenzake hajaja. Pole kwa daktari mstaafu. Pole kwa wanafunzi wote aliowapa sifuri, na kwa wachache aliowapa tano. Binti anaomba pia niwatangazie wateja kwamba zimebaki nguo tisa, kila moja imebandikwa jina la mwenyewe. Zimekamilika zote isipokuwa gauni moja la bluu, linalosubiri mikono. Njooni mzichukue.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Usiwaze madaktari peke yao. Nyumbani kwako, kazini kwako, kuna mtu anakwambia ana shida, nawe umeshaamua kwamba anatia chumvi kwa sababu ya kazi yake, nguo zake, au kwa sababu alishawahi kukuchekesha. Muulize mara ya pili. Akijibu, mwamini. Mimi nimeanza na mlinzi wa hapa getini, ambaye mwezi mzima ananiambia mgongo unamuuma, nami namjibu kwa mzaha.

Jana jioni nilimpigia binti wa dobi. Alikuwa anasoma. Mtihani wake wa kurudia ni Alhamisi hii, ukumbi ule ule, na tangazo lile lile bado liko mlangoni. Akipata sifuri tena, hakuna mwaka mwingine, safari yake ya udaktari imeishia hapo. Nikamwuliza, je, mgonjwa wa Alhamisi akikwambia kitu kisichokuwa kwenye karatasi?

Nikasikia anafunga kitabu alichokuwa anasoma.

"Nitatoka tena," akasema. Kisha akaniomba radhi, arudi kwenye vitabu vyake.